Dawa Isiyohitajika: Miongozo ya Tiba na Lugha ya Mgonjwa katika Kisiwa cha Mombasa

Utangulizi

Katika nyumba nyingi za Mji wa Kale wa Mombasa, kuanzia Kibokoni hadi Kuze, hapakosi mahali maalumu pa kuwekea dawa. Huenda pakawa ni mkebe uliokwisha biskuti, droo ya kabati, au mfuko uliotundikwa kwenye msumari nyuma ya mlango. Ndani yake mna vidonge vya presha, vya sukari na vya maumivu ya magoti. Mna chupa ya dawa ya kikohozi iliyobaki nusu. Mna viuavijasumu vilivyosalia baada ya mgonjwa kupata nafuu. Na pengine mna kisanduku chenye maandishi ya Kiarabu kilicholetwa na jamaa aliyerudi kutoka Muscat au Jeddah. Dawa zote hizo ziliingia humo kwa nia njema. Kila moja ina mtu aliyeiandika, aliyeiuza au aliyeipendekeza. Lakini swali moja aghalabu halina mwenyewe: ni ipi kati ya hizo isiyohitajika tena?

Swali hilo limewashughulisha wataalamu wa tiba kwa miongo kadhaa, na miongozo ya kulijibu imekwisha kuandikwa. Hata hivyo, kuandika mwongozo ni jambo moja, na kuufikisha hadi kwenye mkebe ule ni jambo jingine. Makala haya yanakusudia kueleza maana ya dawa isiyohitajika, kuonyesha miongozo inayohusika kwa kutumia mifano miwili iliyo karibu na maisha ya Mombasa, yaani homa na maradhi ya uzeeni, na kisha kujadili nafasi ya lugha ya Kiswahili katika utekelezaji wake. Hoja ya msingi ni kwamba mwongozo wa tiba hukamilika pale tu unapogeuka kuwa mazungumzo baina ya watu wawili, na kwamba katika kisiwa hiki mazungumzo hayo hufanyika kwa Kiswahili.

Dhana ya dawa isiyohitajika

Mwaka 1977 Shirika la Afya Duniani lilitoa orodha yake ya kwanza ya dawa muhimu. Kenya nayo ilikuwa na orodha yake ya kitaifa kufikia mwaka 1981, na orodha hiyo imekuwa ikidurusiwa tangu hapo, yakiwemo matoleo ya 2010, 2016, 2019 na 2023. Wazo lililozaa orodha hizi ni rahisi kulieleza: nchi haihitaji kila dawa inayotengenezwa duniani, inahitaji zile chache zinazotibu maradhi ya watu wake kwa usalama na kwa bei wanayoimudu.

Mnamo Novemba 1985 wataalamu kutoka nchi mbalimbali walikutana jijini Nairobi, kwa mwito wa shirika hilo hilo, kujadili matumizi bora ya dawa. Kutokana na mkutano huo ulipatikana ufafanuzi unaotajwa hadi leo: matumizi ni bora iwapo mgonjwa anapata dawa inayolingana na maradhi yake, kwa kipimo kinachomfaa yeye mwenyewe, kwa muda unaotosha, na kwa gharama iliyo ndogo kabisa kwake na kwa jamii yake. Inafaa kukumbuka kwamba ufafanuzi huu, unaofundishwa katika vyuo vya tiba kote duniani, una asili yake katika ardhi ya Kenya.

Kutokana na ufafanuzi huo, dawa isiyohitajika inaweza kugawika katika aina tatu. Aina ya kwanza ni ile ambayo haikuhitajika tangu mwanzo, mathalani kiuavijasumu kilichotolewa kwa mafua. Mafua husababishwa na virusi, na viuavijasumu haviui virusi. Aina ya pili ni dawa iliyohitajika wakati fulani, lakini wakati wake umekwisha. Dawa ya kupunguza asidi ya tumbo iliyoandikwa kwa majuma machache ikaendelea kumezwa kwa miaka mitano ni ya aina hii. Aina ya tatu ndiyo iliyo ngumu kuitambua, nayo ni dawa inayotolewa kutibu madhara ya dawa nyingine.

Aina hii ya tatu inahitaji mfano. Mgonjwa wa presha anapewa amlodipini, na dawa inafanya kazi yake vyema. Baada ya majuma kadhaa miguu yake inaanza kuvimba, jambo linalojulikana kuwa mojawapo ya madhara ya dawa hiyo. Anakwenda kwa daktari mwingine, ambaye anaona uvimbe na kuandika furosemidi ili kuutoa maji mwilini. Furosemidi inamfanya mgonjwa aamke usiku mara kwa mara kwenda msalani, inapunguza madini ya potasiamu mwilini, na siku moja anapata kizunguzungu na kuanguka. Kwa maumivu ya kuanguka ananunua diklofenaki dukani. Diklofenaki nayo hupandisha presha na huweza kuumiza figo, hasa ikitumiwa pamoja na furosemidi. Presha ikipanda, daktari wa tatu anaongeza dawa nyingine ya presha. Hakuna hata mmoja kati ya hao aliyefanya uzembe. Kila mmoja aliitibu dalili aliyoiona. Kosa liko katika mnyororo wenyewe, na mnyororo hauonekani ila kwa mtu anayeutazama mkebe wote kwa pamoja.

Homa: mfano wa kwanza

Katika pwani ya Kenya, homa na malaria yamekuwa maneno yanayokaa pamoja kwa muda mrefu hata ikadhaniwa kwamba ni kitu kimoja. Mazoea hayo hayakuwa ya wananchi peke yao. Kwa miaka mingi miongozo yenyewe iliagiza kwamba mtoto wa chini ya miaka mitano mwenye homa, katika maeneo yenye malaria nyingi, apewe dawa ya malaria hata bila ya kupimwa damu. Agizo hilo lilikuwa na mantiki yake. Malaria ilikuwa nyingi, vipimo vilikuwa haba, na kuchelewa kulimaanisha kifo.

Hali ilibadilika kwa njia mbili. Kwanza, dawa zilipungua nguvu na mbadala wake ukawa ghali zaidi. Klorokwini iliachwa mwaka 1998 kwa sababu ya usugu, ikafuatwa na dawa za jamii ya salfa; mwaka 2004 Kenya ikaamua kutumia mchanganyiko wa artemetha na lumefantrini, ambao ulianza kusambazwa katika vituo vya umma mwaka 2006. Pili, malaria yenyewe ilipungua katika sehemu za pwani. Watafiti wa kituo cha Kilifi, kinachoendeshwa na Taasisi ya Utafiti wa Tiba ya Kenya pamoja na wenzao wa Wellcome, walionyesha katika utafiti uliochapishwa mwaka 2008 kwamba idadi ya watoto waliolazwa kwa malaria ilikuwa imeshuka mno.

Matokeo ya kushuka huko yanastahili kufikiriwa kwa makini. Malaria ikipungua, homa hazikomi. Kinachobadilika ni sababu zake. Ikiwa kati ya watoto kumi wenye homa saba wana malaria, kuwapa wote dawa ni kuwakosea watatu. Ikiwa mwenye malaria ni mmoja tu, kuwapa wote dawa ni kuwakosea tisa, na kosa kubwa zaidi ni kwamba ugonjwa wa kweli wa hao tisa hautafutwi. Ndiyo maana mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza kwamba kila anayeshukiwa kuwa na malaria apimwe kwanza, na Kenya ikalifuata pendekezo hilo katika mwongozo wake wa mwaka huo huo.

Kwa Mombasa fundisho hili lilikuja kwa njia ya mbu mwingine. Mwaka 2013 ulithibitishwa mlipuko wa homa ya dengi kisiwani na katika vitongoji vyake. Kuanzia Desemba 2017 hadi mwaka 2018 ukazuka mlipuko wa chikungunya, ambao viungo vya wagonjwa viliuma hata wengine wakashindwa kutembea. Maradhi yote mawili huenezwa na mbu aina ya Aedes, anayezaliana katika maji yaliyotuama ndani na kandokando ya nyumba, yakiwemo mapipa na matangi ambayo wakazi hulazimika kuyatumia kwa sababu maji ya mfereji hayatoki kila siku. Yote mawili husababishwa na virusi. Dawa ya malaria haiyatibu, wala kiuavijasumu. Zaidi ya hayo, dawa za maumivu kama vile aspirini, ibuprofeni na diklofenaki zinaweza kuzidisha hatari ya kutokwa na damu kwa mgonjwa wa dengi, na ndiyo sababu paracetamol, maji ya kutosha na uangalizi wa karibu ndivyo vinavyoshauriwa. Hapa dawa isiyohitajika haiishii kwenye hasara ya fedha, inaweza kuua.

Mwanafunzi wa Kiswahili atavutiwa na jambo moja zaidi. Jina chikungunya limetoka katika Kimakonde, nalo linarejelea kupinda kwa mwili wa mgonjwa; ugonjwa huo ulielezwa kitaalamu kutokana na mlipuko wa mwaka 1952 kusini mwa Tanganyika. Kuhusu dengi, wapo wataalamu wanaolihusisha jina hilo na Kiswahili. James Christie, daktari Mwingereza aliyefanya kazi Unguja katika karne ya 19, aliandika kwamba wenyeji waliiita homa ya aina hiyo iliyozuka mwaka 1823 na tena mwaka 1870 kwa jina ambalo leo linafahamika kama kidingapopo. Iwe ugonjwa wa wakati huo ulikuwa dengi au chikungunya, jambo la msingi halibadiliki: wazungumzaji wa Kiswahili walikwisha kutofautisha homa moja na nyingine kabla ya maabara kufika. Ni katika miongo ya karibuni tu ambapo neno moja, malaria, lilimeza majina mengine yote.

Mzee mwenye maradhi mengi: mfano wa pili

Mfano wa pili unahusu wazee, kwa kuwa ndio wenye mikebe iliyojaa zaidi. Mwili wa mzee haufanyi kazi na dawa kama mwili wa kijana. Figo huchelewa kuitoa dawa, ini huchelewa kuivunjavunja, na kipimo kilichofaa akiwa na miaka 45 kinaweza kuwa sumu akiwa na miaka 75. Kwa sababu hiyo, mwaka 1991 daktari wa Marekani, Mark Beers, pamoja na wenzake walichapisha orodha ya dawa ambazo wazee wanapaswa kuepushwa nazo, na orodha hiyo imekuwa ikidurusiwa hadi toleo la 2023. Mwaka 2008 wataalamu wa Ayalandi nao walitoa mwongozo unaojulikana kama STOPP, unaoeleza dawa za kuachishwa wazee, ukiambatana na mwenzake uitwao START, unaoeleza zile wanazopaswa kuanzishiwa. Kule kuambatana kwa miongozo miwili hii kuna hekima. Lengo si dawa chache tu. Lengo ni dawa zinazofaa. Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani lilitangaza mjini Bonn kampeni ya kimataifa ya kupunguza madhara ya dawa, na likayataja matumizi ya dawa nyingi kwa pamoja kuwa mojawapo ya maeneo matatu ya kushughulikiwa kwanza.

Miongozo hiyo ilitungwa mbali na Mombasa, lakini baadhi ya maagizo yake yanagusa moja kwa moja maisha ya Mji wa Kale. Mfano ulio wazi ni dawa ya kisukari iitwayo glibenklamidi. Dawa hii ni ya bei nafuu na imetumika sana katika hospitali za umma. Kasoro yake ni kwamba huendelea kushusha sukari kwa saa nyingi, hata pale ambapo mgonjwa hajala. Mwaka 2013 orodha ya Shirika la Afya Duniani iliweka gliklazidi mahali pake, ikaeleza wazi kwamba glibenklamidi haiwafai watu wenye umri unaozidi miaka 60.

Sasa chukulia mfano wa kubuni wa mama mwenye umri wa miaka 70, mkazi wa Kibokoni, anayemeza dawa hiyo, na mwezi wa Ramadhani unaandama. Amefunga miaka yote ya maisha yake na hana nia ya kuacha. Anameza kidonge chake wakati wa daku kama alivyokuwa akikimeza wakati wa chai ya asubuhi. Ikifika alasiri anatoka jasho, mikono inatetemeka, anasema maneno yasiyoeleweka. Walio karibu naye wanadhani ni uchovu wa saumu, wanamlaza apumzike. Yeye anahitaji sukari, tena upesi. Kila dakika inayopita inauumiza ubongo wake.

Janga hilo linaepukika. Shirikisho la Kimataifa la Kisukari, likishirikiana na muungano wa wataalamu wa kisukari na Ramadhani, lilitoa mwongozo mwaka 2016 na kuudurusu mwaka 2021. Mwongozo huo unaagiza kwamba mgonjwa aonane na daktari majuma sita hadi nane kabla ya mwezi kuandama. Apimwe kiwango cha hatari inayomkabili. Dawa zake zipunguzwe, zibadilishwe au zihamishiwe wakati wa futari. Na aelezwe kwamba kujipima sukari kwa kuchoma kidole hakufunguzi, na kwamba sukari ikishuka chini ya kiwango cha usalama ni lazima afungue. Mwongozo uliandikwa na madaktari kwa kushirikiana na wanazuoni wa dini. Ushirikiano huo unafaa kuigwa, kwa kuwa mama yule anaweza kupuuza neno la daktari peke yake, lakini ni shida kulipuuza neno ambalo daktari na imamu wake wanalisema kwa sauti moja.

Lugha kama kikwazo na kama daraja

Iwapo elimu ipo na miongozo imeandikwa, ni kitu gani kinachozuia utekelezaji? Sababu za kiuchumi na za kiutawala ni nyingi. Daktari mwenye foleni ndefu hana muda wa kuuliza habari za mkebe. Mwenye duka la dawa hupata riziki kwa kuuza, si kwa kushauri watu wasinunue. Viuavijasumu, ambavyo kisheria vinatakiwa kuuzwa kwa cheti, huweza kununuliwa viwili vitatu kama peremende. Fauka ya hayo, tangu huduma za afya zilipokabidhiwa serikali za kaunti mwaka 2013, migomo na upungufu wa dawa katika vituo vya umma vimewasukuma wengi kwenye maduka. Sababu hizi zimejadiliwa kwingi. Iliyojadiliwa kidogo ni lugha.

Neno la kwanza la kuchunguzwa ni dawa lenyewe. Katika Kiswahili, dawa ni kidonge, ni mti shamba, ni hirizi, ni sumu ya mende, ni rangi ya viatu, na ni ufumbuzi wa tatizo lolote. Chenye dawa kina matumaini. Kisicho na dawa kimekatiwa tamaa. Hata mti wa mwarobaini ulipata jina lake kutokana na imani kwamba hutibu maradhi arubaini. Katika lugha ambayo dawa ni jina jingine la tumaini, daktari anayempa mgonjwa ushauri bila kidonge huonekana hakumpa kitu, na anayemwondolea kidonge huonekana amempokonya.

Neno la pili ni acha. Mgonjwa akiambiwa aache dawa, huweza kufahamu mambo mawili, yote mabaya: kwamba amepona kabisa, au kwamba ameachwa. Zaidi ya hayo, kwa miaka mingi ameambiwa na redio, na mabango, na wauguzi, kwamba ni lazima amalize dozi. Leo sauti ile ile inamwambia apunguze. Mgongano huu ni wa maneno tu, kwa kuwa dozi ya kifua kikuu au ya malaria ina mwisho uliopangwa na ni lazima ifikiwe, ilhali dawa ya tumbo isiyo na sababu tena haina mwisho wa kufikiwa. Lakini asipoelezwa tofauti hiyo, mgonjwa hana njia ya kuijua. Kusema kwamba dawa hii itapunguzwa hatua kwa hatua huku presha yako ikipimwa, na ikibidi itarudishwa, ni kusema ukweli wa kitaalamu kwa maneno yasiyotisha.

Neno la tatu ni la hesabu. Mfamasia husema "moja kutwa mara tatu". Kwa asili kutwa ni muda wa tangu jua kuchomoza hadi kuchwa, na mwenye kuielewa hivyo atameza vidonge vitatu mchana na kuuacha usiku mzima bila dawa. Hatari zaidi ni ya saa. "Kila baada ya saa nane" na "saa nane" ni maelezo mawili yaliyo mbali. La kwanza ni mara tatu kwa siku, na la pili ni mara moja, baada ya adhuhuri. Kwa mgonjwa mwenye masikio mazito aliyesimama katika duka lenye kelele, maelezo hayo hutenganishwa na maneno matatu tu.

Hata hivyo lugha hiyo hiyo inaweza kuwa daraja. Mwanaanthropolojia Marc Swartz, katika kitabu chake cha mwaka 1991 kuhusu Waswahili wa Mombasa, alieleza jinsi watu wa mji huo wanavyoifikiria afya kama usawa wa joto na baridi, ukavu na unyevu. Kilichozidi huleta maradhi sawa na kilichopungua. Mzee aliyelelewa katika fikra hiyo hashindwi kuelewa kwamba dawa nazo zinaweza kuzidi. Wazo la mizani amelijua tangu utotoni. Kinachohitajika ni mtoa huduma kulitumia wazo hilo badala ya kumtajia viwango vya maabara.

Kutoka mwongozo hadi mkebe

Je, miongozo huweza kutekelezwa kwa vitendo? Upo ushahidi kutoka Kenya yenyewe. Utafiti uliochapishwa mwaka 2011 ulihusisha vituo 107 vya afya vya mashambani katika maeneo ya pwani na ya magharibi mwa nchi. Watoa huduma wa baadhi ya vituo walitumiwa ujumbe mfupi wa simu kila siku ya kazi kwa muda wa miezi sita, ukiwakumbusha mwongozo wa kutibu malaria kwa watoto na kuambatanishwa na usemi wa kutia moyo. Matibabu sahihi yaliongezeka kwa asilimia 23.7 ikilinganishwa na vituo visivyopata ujumbe, na miezi sita baada ya ujumbe kukoma tofauti ilikuwa asilimia 24.5. Hapakuwa na mashine mpya wala mafunzo ya gharama kubwa. Palikuwa na maneno machache, kwa wakati ufaao, kwa mtu anayehusika.

Hatua za upunguzaji wa dawa katika nyumba au kituo cha afya zinaweza kuwa hizi. Kwanza, mgonjwa aje na mkebe wote: dawa za hospitali, za duka, za jamaa wa ng'ambo na za miti shamba. Mwarobaini au habbasoda inayomezwa pamoja na dawa ya sukari inaweza kuishusha sukari kupita kiasi, na daktari asiyeambiwa hawezi kujua. Pili, kila dawa iulizwe swali moja: inatibu nini leo? Tatu, dawa inayofanana na nyingine kwa jina la asili iondolewe, kwa kuwa dawa moja huuzwa kwa majina mengi ya kibiashara na mtu huweza kuimeza mara mbili bila kujua. Nne, ipunguzwe dawa moja kwa wakati mmoja, kwa kuanza na yenye madhara makubwa na faida ndogo. Tano, iwekwe tarehe ya kurudi kupimwa.

Hapa pana onyo ambalo halifai kurukwa. Kupunguza dawa si kazi ya mgonjwa peke yake. Ziko dawa ambazo kuzikatiza ghafla ni hatari: atenololi na nyingine za jamii yake huweza kuushtua moyo, prednisoloni iliyotumiwa kwa muda mrefu huweza kuuacha mwili bila homoni yake ya asili ya kutosha, dawa za kifafa huweza kurudisha degedege kali kuliko la mwanzo. Dawa za kifua kikuu na za kudhibiti virusi vya UKIMWI hazimo kabisa katika mjadala huu. Msomaji atakayetoka hapa na kuutupa mkebe wa nyanya yake atakuwa amefahamu kinyume.

Hali kadhalika, jamii ina njia zake. Mwaka 2023 serikali ya Kenya ilizindua mpango wa wahamasishaji wa afya ya jamii wapatao 100,000, waliopewa vifaa vya kupima presha na sukari majumbani. Mhamasishaji anayebisha hodi Kuze au Makadara ni mtu anayejulikana, anayekaribishwa ndani na kuonyeshwa mkebe. Yeye hana mamlaka ya kuondoa dawa, wala hapaswi kuipewa, lakini anaweza kuziandika zote katika karatasi moja na kumpeleka mgonjwa kwa mfamasia au daktari. Karatasi hiyo moja ndiyo ambayo madaktari watatu wa mfano wa awali hawakuwa nayo.

Yafaa kuyafikiria mazungumzo yanayoweza kufuata, baina ya mfamasia kijana na bibi wa makamo ya nyanya yake:

"Shikamoo bibi. Dawa zote hizi wazimeza kila siku?"

"Marahaba, mwanangu. Zote. Kila daktari nilomwendea alinipa yake, na hapana alonambia niwate ipi."

Jibu la bibi huyo wa kubuni ni muhtasari wa tatizo zima. Hakuna aliyemwambia. Si kwamba alikataa kusikia.

Hitimisho

Makala haya yameeleza kwamba dawa isiyohitajika ni ile iliyotolewa bila sababu, au iliyopitwa na wakati wake, au inayofunika madhara ya dawa nyingine. Yameonyesha, kwa mfano wa homa, kwamba mwongozo hubadilika kadiri maradhi yanavyobadilika, na kwa mfano wa wazee, kwamba dawa ile ile huweza kuwa tiba kwa mmoja na hatari kwa mwingine. Yamedai pia kwamba safari ya mwongozo kutoka Geneva au Nairobi hadi Mji wa Kale hupita katika maneno ya kawaida mno: dawa, homa, acha, kutwa, saa.

Kutokana na hayo, wanafunzi wa Kiswahili wana kazi ya kufanya. Karatasi zinazotolewa na hospitali, maandishi ya bahasha za vidonge, maelezo ya redio na ujumbe wa simu, vyote ni matini, na matini huhitaji wajuzi wa lugha ili zieleweke bila utata. Vitabu vya miongozo ya tiba vinavyotumika Kenya vimeandikwa kwa Kiingereza, ilhali mgonjwa wa Kibokoni huuliza kwa Kiswahili na hutaka kujibiwa kwa Kiswahili. Kuandika bahasha ya dawa isiyoweza kufasiriwa kwa njia mbili ni kazi ndogo kuliko kuandika tasnifu. Lakini kwa mama anayengojea kumeza kidonge chake wakati wa daku, ndiyo kazi yenye uzito zaidi.